Udongo Mweusi wa Mlimani na Mimea Inayokonda Juu Yake

Mtu anapochimba shimo la kwanza katika bustani ya mlimani, mara nyingi moyo humtulia. Udongo ni mweusi na mlaini, unanukia majani yaliyooza, na ukiufinya kiganjani unajikusanya kisha unavunjika bila ukaidi. Kila alichowahi kuambiwa kuhusu rutuba anakiona mbele ya macho yake. Anapanda. Wiki zinapita na miche imesimama palepale. Majani ya chini yanageuka manjano, mengine yanaingia rangi ya zambarau, na safu nzima inabaki ya mimea midogo isiyokua wala kufa. Anaongeza samadi, hakuna kinachobadilika. Anaongeza tena.

Hali hii huwasumbua wengi wanaolima kwenye miinuko yenye baridi, na kwa maoni yangu chanzo chake ni jambo moja lisiloelezwa vya kutosha. Weusi wa udongo unaonyesha kiasi cha chakula kilichohifadhiwa humo. Hauonyeshi kasi ambayo chakula hicho kinaifikia mimea. Penye joto mambo hayo mawili huenda pamoja, ndiyo maana ushauri mwingi wa kilimo huyachanganya bila madhara makubwa. Mlimani yanaachana. Udongo wa huko waweza kuwa ghala lililojaa pomoni huku mlango umefungwa, na ufunguo wa mlango huo ni joto.

Weusi unatoka wapi

Kadiri unavyopanda mlima, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Mimea ya asili ya huko imeizoea baridi hiyo. Inaendelea kuota, kuangusha majani na kuacha mizizi yake ardhini. Wanaoshindwa kwenda na mwendo huo ni wale wanaoyaozesha mabaki, yaani bakteria, kuvu, minyoo na wadudu wadogo wa udongoni. Kwa kanuni ya jumla, kazi ya vijiumbe vya udongo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, na hupungua kwa nusu likishuka kiasi hichohicho. Karibu na sifuri hupungua kwa kasi zaidi ya hapo. Matokeo yake, mabaki yanaingia udongoni upesi kuliko yanavyooza. Kila mwaka hubaki ziada, na ziada hiyo ikirundikana kwa karne nyingi ndiyo inayotia weusi.

Kwa hiyo weusi unaomfurahisha mtu siku ya kwanza ni alama kwamba kuoza kumechelewa, na kuoza ndiko kunakoilisha mimea.

Tuchukue naitrojeni, kirutubisho ambacho mboga za majani hukihitaji kwa wingi. Karibu naitrojeni yote ya udongo imefungwa ndani ya mboji, yaani yale mabaki meusi yaliyorundikana, na mizizi haiwezi kuinyonya ikiwa katika hali hiyo. Lazima vijiumbe viivunjevunje mboji kwanza hadi itoke amonia, kisha kundi jingine la bakteria liigeuze amonia kuwa naitreti, ambayo huyeyuka katika maji na kufuata unyevu hadi kwenye mizizi. Bakteria wa hatua hii ya pili hawaipendi baridi kabisa. Chini ya nyuzi 10 kazi yao inakuwa ya kujikokota, na chini ya nyuzi 5 inakaribia kusimama.

Hesabu kidogo itaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Chukua mita moja ya mraba ya udongo mweusi wa mlimani, kina cha sentimita 20. Udongo wa namna hii huwa mwepesi, kwa hiyo tukadirie uzito wake kuwa kilo 160. Ikiwa mboji ni asilimia 10, ni kilo 16. Kwa kawaida naitrojeni ni kama asilimia 5 ya mboji, hivyo mita hiyo moja ina takriban gramu 800 za naitrojeni. Mboga zinazokula sana huhitaji gramu 10 hadi 20 kwa mita ya mraba kwa msimu mmoja. Chakula cha miaka mingi kiko chini ya miguu ya mkulima, na mche wake una njaa, kwa sababu katika zile gramu 800 hakijatoka kiasi cha kutosha kwa wakati unaofaa.

Suala la wakati lina uzito wake. Hata mahali ambapo jumla ya naitrojeni inayofunguka kwa mwaka inatosha, sehemu kubwa hutoka udongo ukishapata joto kamili, wakati mimea iliyopandwa mapema imekwisha kudumaa. Ndiyo sababu bustani za mlimani huwa na tabia ya kulala mwanzoni mwa msimu kisha kuchangamka ghafla katikati yake. Mwenye bustani huisifu mbolea aliyoweka wiki iliyotangulia, kumbe udongo wenyewe ndio umeamka.

Wanaotegemea mikunde kuongeza naitrojeni nao wajue kwamba bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde hawana kinga dhidi ya baridi. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 10, vinundu huchelewa kuundwa, na njegere waliopandwa mapema huishi kwa wiki kadhaa kwa naitrojeni ile iliyomo udongoni, kama ipo.

Rangi ya zambarau

Fosforasi ina shida ya aina yake. Naitreti husafiri na maji, lakini fosforasi haitembei karibu hata kidogo. Inasogea milimita chache tu kutoka pale ilipo, na ni mzizi unaopaswa kuifuata. Mzizi uliomo katika udongo wa baridi hurefuka polepole. Kuvu wanaoshirikiana na mizizi na kuipelekea fosforasi kutoka mbali nao wamezubaa. Hivyo mche unaweza kuwa na dalili zote za upungufu, majani yenye zambarau hasa kwenye mahindi na nyanya changa, katika udongo ambao kipimo chake kinasema fosforasi ipo ya kutosha. Siku zikipata joto rangi hiyo mara nyingi huondoka yenyewe.

Mahali pengine, hata hivyo, haiondoki. Milima ya volkano, kama Kilimanjaro na sehemu kubwa za Andes, imefunikwa na udongo uliotokana na majivu ya volkano. Majivu hayo yanapochakaa huzaa madini ya alumini na chuma yasiyo na umbo kamili la fuwele, yenye eneo kubwa ajabu la uso, nayo huishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba sehemu kubwa ya mbolea inayomwagwa juu hukamatwa kabla mzizi haujaionja. Madini hayohayo huishika pia mboji na kuikinga isioze, ndiyo maana udongo wa volkano wa mlimani ni mweusi maradufu: baridi inachelewesha kuoza na madini yanakinga kilichobaki. Hapa kutawanya mbolea ya fosforasi shamba zima ni hasara. Iweke kidogo, karibu na mche, sentimita chache chini au pembeni mwa mbegu, au ichanganye kwanza na mbolea vunde iliyoiva. Vitu vinavyotoka kwenye mbolea vunde hugombania nafasi zilezile juu ya madini, na fosforasi inabaki huru kwa muda mrefu zaidi.

Maji ndiyo yanayoamua joto

Kama ningeruhusiwa kumwuliza mwenye bustani ya mlimani swali moja tu, nisingemwuliza ameweka mbolea gani. Ningemwuliza maji yanaelekea wapi mvua ikikatika.

Kulipasha joto gramu moja ya maji kunahitaji nishati kama mara tano ya ile inayohitajika kwa gramu moja ya madini makavu ya udongo. Udongo uliolowa chepechepe unalinywa jua la asubuhi nzima bila kupanda joto kwa kiasi cha maana. Tena maji yanapovukiza kutoka juu ya udongo huchukua joto na kuondoka nalo, na joto la kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke ni zaidi ya mara 500 ya lile la kuipandisha gramu hiyo kwa nyuzi moja. Bustani iliyolowa inapoteza joto ilhali inaota jua. Na pale maji yanapojaza vinyweleo vyote, yaani nafasi ndogo kati ya chembe za udongo, hewa hukosekana, kuoza kunazidi kuchelewa, na naitreti iliyokwisha kupatikana hugeuzwa na bakteria kuwa gesi na kupotea hewani.

Jaribio la kulijua hili halihitaji chombo chochote. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, kisha lijaze tena na utazame saa. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, udongo unapitisha vizuri. Yakilala humo hadi kesho yake, weka kando mawazo yote ya mbolea; kazi ya kwanza ni mfereji wa kukinga maji yanayoteremka kutoka juu, pamoja na matuta ya kuinua mizizi. Utazame pia ukuta wa shimo. Udongo wenye madoa ya kijivu na ya kutu umekuwa ukijaa maji kwa sehemu ya mwaka, hata kama leo ni mkavu.

Tuta la kimo cha sentimita 20 hadi 30 linamwaga maji na kupokea jua kwa pande zake, kwa hiyo hupata joto mapema kuliko ardhi tambarare. Ila sikubaliani na ushauri wa kuinua matuta kila mahali palipo na baridi. Iko milima mikavu, yenye upepo mkali na mvua chache, upande ule ambao mawingu hufika yamekwisha kumwaga maji yake. Huko tuta la juu hukauka kabla mche haujashika, na usiku hupoa haraka kwa sababu limeanikwa pande zote. Katika milima ya namna hiyo ni afadhali kupanda kwenye ardhi tambarare au hata kwenye vitanda vilivyozama kidogo, vyenye ukingo wa mawe.

Mteremko nao uingie katika hesabu yako. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, mteremko unaotazama kusini hupokea jua zaidi. Katika nusu ya kusini ni kinyume chake. Karibu na ikweta tofauti ya kaskazini na kusini ni ndogo, na kinachoamua mara nyingi ni mawingu: mahali ambapo mawingu hujikusanya mchana, mteremko wa mashariki uliopata jua la asubuhi ndio wenye udongo wa joto zaidi. Halafu kuna hewa baridi ya usiku, ambayo ni nzito na hutiririka kushuka kama maji. Hujikusanya mabondeni na nyuma ya ua au ukuta uliokatiza mteremko. Udongo wa bondeni huwa mnene na wenye virutubisho vilivyosombwa kutoka juu, na ni hukohuko jalidi, yaani baridi ya kugandisha, hupiga kwanza. Sehemu ya katikati ya mteremko, ingawa udongo wake ni mwembamba kidogo, mara nyingi humpa mkulima msimu mrefu zaidi.

Barafu ndani ya udongo

Watu wengi wanajua kwamba maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na hudhani hicho ndicho kinachoinua udongo na kung'oa miche. Ongezeko hilo ni sehemu ndogo ya kisa chenyewe. Mwaka 1929 na 1930 mwanajiolojia wa Marekani Stephen Taber alichapisha majaribio ambamo aliloweka udongo kwa benzini, kimiminika kinachosinyaa kinapoganda, na bado udongo uliinuka. Nguvu inayoinua inatokana na barafu kuvuta maji mapya kutoka chini. Tabaka la barafu likianza kujiunda, maji yaliyo kwenye vinyweleo chini yake hupanda kulielekea na kugandia hapo, na tabaka linazidi kunenepa huku likisukuma udongo wa juu.

Ukilijua hilo, utatambua mara moja ni udongo upi ulio hatarini. Mchanga una vinyweleo vikubwa visivyoweza kuvuta maji juu. Udongo mzito wa mfinyanzi huvuta kwa nguvu lakini maji hupita humo polepole mno. Katikati yake upo udongo wenye chembe za tope laini, ukubwa kati ya milimita 0.002 na 0.05, unaovuta na kupitisha kwa pamoja, na huo ndio unaoinuka vibaya kuliko wote. Vitunguu saumu vilivyopandwa kabla ya majira ya baridi, stroberi na miche michanga hukutwa asubuhi mizizi yao iko nje.

Kuna tofauti kubwa hapa kati ya milima ya mbali na ikweta na ile ya tropiki. Katika Alps au Himalaya, ardhi huganda kwa miezi, lakini theluji nene ni blanketi nzuri. Chini yake udongo hubaki karibu na sifuri hata hewa ya juu ikishuka mbali chini ya hapo. Hatari ni mwanzo na mwisho wa majira, theluji isipokuwepo. Kwenye miinuko mirefu ya tropiki hakuna majira ya baridi ya kudumu. Usiku udongo wa juu unaganda, asubuhi unayeyuka, na hali hiyo yaweza kujirudia usiku mwingi wa mwaka. Sentimita za juu kabisa hujaa sindano za barafu zinazosimama wima, zikiwa zimebeba vijiwe na vimche juu ya ncha zake, na jua likizigusa zinaanguka. Mbegu ndogo zilizopandwa juujuu hazina bahati mahali hapo.

Kila zinapotokea ganda-na-yeyuka, baadhi ya vijiumbe hupasuka na kumwaga virutubisho vyao udongoni. Huo ni mgao mdogo wa bure, lakini hufika wakati hakuna mzizi wa kuupokea, na maji ya theluji inayoyeyuka huondoka nao. Mazao ya kufunika ardhi yaliyo hai wakati huo, kama vile shayiri au nafaka iitwayo rai, hunasa sehemu yake.

Na matandazo? Hapa ndipo ushauri wa nyanda za chini humpotosha mtu wa mlimani zaidi ya mahali pengine popote. Matandazo huzuia udongo usibadilike joto. Kabla ya jalidi, tabaka nene la nyasi kavu huzuia sindano za barafu na kuinuka kwa udongo, na sitasita kulipendekeza. Mwanzoni mwa msimu wa kupanda, tabaka lilelile linaikalia baridi iliyomo ardhini na kulizuia jua. Yaondoe matandazo wiki chache kabla ya kupanda, uache udongo mweusi ulinyonye jua lake, kwa kuwa hapo weusi unasaidia kweli. Yarudishe udongo ukishapata joto. Mwenye kulaza matandazo mwaka mzima pasipo kuyagusa anajichelewesha mwenyewe.

Asidi, na chokaa inayowekwa kwa mazoea

Milima inayopokea mvua nyingi huwa na udongo wenye asidi. Maji yanayopita humo mwaka hadi mwaka husomba kalsiamu, magnesi na potasiamu, na nafasi zao huchukuliwa na haidrojeni na alumini. Kipimo cha pH, namba ambayo ikiwa ndogo zaidi asidi ni kali zaidi, kikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka. Chini ya 5 huwa sumu inayofupisha na kunenepesha ncha za mizizi. Kumbuka kwamba kipimo hiki hupanda kwa vidato vya kumi: udongo wa pH 5 una ukali mara 10 ya ule wa pH 6. Mboga nyingi hustawi kati ya 6 na 7.

Lakini si kila mlima una asidi. Milima ya mawe ya chokaa, na ile mikavu ambayo mvua yake haitoshi kusomba chumvi, yaweza kuwa na pH ya 8, na huko majani hugeuka manjano kati ya mishipa kwa kukosa chuma. Kumwaga chokaa, ambayo kazi yake ni kupunguza asidi, katika udongo wa namna hiyo ni kuliongeza tatizo. Tone la siki juu ya udongo mkavu hutoa fununu: likichemka na kutoa mapovu, chokaa tayari imo. Lisipochemka, bado unahitaji kipimo halisi cha pH kabla ya kununua chochote.

Palipo na asidi, udongo mweusi unakuja na ugumu wake. Mboji nyingi huushikilia ule ukali na kupinga mabadiliko, kwa hiyo kiasi cha chokaa kinachotosha udongo wa kichanga hakitausogeza. Maabara nzuri hupima ukinzani huo na kutaja kiasi kinachohitajika. Ni moja ya sababu chache zinazonifanya nisisitize kupeleka sampuli. Chokaa ya kusagwa huyeyuka polepole, na kwenye baridi polepole zaidi, hivyo iwekwe miezi kadhaa kabla ya kupanda na ichanganywe vizuri na udongo. Majivu ya kuni hufanya kazi upesi zaidi na huleta potasiamu, ila yatumike kwa mkono mwepesi, na yasichanganywe na samadi mbichi wala urea, kwani amonia itapotea hewani.

Kuhusu maabara, neno moja la tahadhari. Sampuli hukaushwa, husagwa na kupimwa ndani ya chumba chenye joto. Karatasi inayorudi inaeleza kilichomo ghalani. Ikiandika kwamba mboji na naitrojeni ni za juu sana, imesema kweli, na mche wako unaweza kufa njaa vilevile.

Udongo wa juu, udongo wa chini

Mwanasayansi Hans Jenny, katika kazi yake ya mwaka 1941, alieleza kwamba udongo huumbwa na mambo matano: hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi, mwamba uliouzaa, na muda. Mlimani mambo hayo hubadilika ndani ya hatua chache. Kipande kimoja cha bustani kinaweza kuwa na kifusi cha mawe juu na tope la kina kirefu chini, kwa hiyo shimo moja halitoshi. Chimba juu, katikati na chini, na usichanganye sampuli zao.

Mawe yasikutishe. Udongo wenye mawe mengi huhifadhi maji kidogo, na ni haki kuyatoa makubwa yanayozuia mizizi ya karoti au viazi. Yaliyobaki juu ya udongo hupunguza mmomonyoko na hushika joto la mchana.

Kazi inaanzia wapi

Mpangilio wa kazi unafuata yale yaliyokwisha kuelezwa: kwanza maji, kisha joto, kisha asidi, mwisho chakula. Anayeanza na chakula analipia kitu ambacho udongo wake tayari unacho.

Kifaa ninachokithamini kuliko vingine ni kipimajoto cha udongo. Kichomeke sentimita 10 chini, asubuhi, kwa siku kadhaa mfululizo, na upande kwa namba hiyo, uachane na kalenda. Letusi, spinachi na njegere huota kwenye nyuzi 5 au zaidi kidogo, japo polepole. Viazi vinahitaji kama 7 hadi 10, mahindi angalau 10, na maharage hutaka 15 ama zaidi. Yakizikwa kwenye udongo wa nyuzi 9 uliolowa huoza. Karatasi ya plastiki iliyotandikwa juu ya tuta wiki mbili tatu kabla ya kupanda inaweza kuongeza nyuzi chache, nazo hubadilisha kila kitu mahali ambapo nyuzi 5 ndiyo tofauti kati ya bakteria waliolala na waliopo kazini.

Katika wiki hizo za mwanzo mimea inahitaji naitrojeni iliyokwisha kufunguliwa, kwa kiasi kidogo. Hapa sioni aibu kupendekeza mbolea inayoyeyuka haraka, iwe ya viwandani au maji ya samadi iliyochachushwa, itumike kuwavusha miche hadi udongo uamke. Samadi mbichi au majani makavu yaliyofukiwa muda mfupi kabla ya kupanda hufanya kinyume: vijiumbe vichache vilivyo macho huinyang'anya mimea naitrojeni iliyopo ili kuyala mabaki hayo. Maranda ya mbao ni mabaya kuliko yote, kwani yana kaboni mamia ya mara kuliko naitrojeni, ilhali lundo linalooza vizuri linataka uwiano wa karibu 25 hadi 30 kwa 1.

Lundo lenyewe la mbolea vunde lisiwe dogo. Chini ya mita moja ya ujazo joto linatoroka, na lundo hulala msimu mzima. Lijenge kwa mkupuo mmoja badala ya kuliongeza kidogokidogo, lifunike lisilowe, na likipoa katikati lipindue.

Bado kuna swali la kulima kwa kina. Kuligeuza udongo huingiza hewa, hulikausha tabaka la juu na kulipasha joto, na mboji inaoza kwa kasi. Mwaka wa kwanza na wa pili mazao huwa mazuri mno. Baadaye weusi unaanza kupungua, na udongo wenye mboji nyingi sana, ukishakaushwa kwa mifereji, husinyaa hadi uso wa bustani ukashuka. Kilichokusanywa kwa karne kinaweza kuondoka ndani ya maisha ya mtu mmoja, na kaboni yake inaishia hewani. Kwa hiyo fungua sehemu unayoihitaji tu: lima mistari ya kupandia, acha njia zikiwa na nyasi, na yale mabaki ya mavuno yasiyo na ugonjwa yarudi kwenye lundo. Kila baada ya miaka mitatu au minne, chukua sampuli kutoka mashimo yaleyale, kina kilekile, wakati uleule wa mwaka, na ulinganishe kiwango cha mboji. Kikishuka, punguza kulima kabla hujaongeza mbolea.